Mrejesho: pointi za kipindi cha redio, Bukavu

Aksanti sana ndugu zangu. Niliuliza namna ya kutoa pointi kwa kipindi cha redio kuhusu kipindupindu ambacho wanafunzi wangu waliwatengenezea watoto wa miaka 8 hadi 10. Nilifuata shauri la kuwasikilizisha watoto wenyewe, kule Kadutu, hapa Bukavu, kisha watusimulie walichosikia. Wimbo wa kunawa mikono waliurudia wote. Daktari wa ndani ya kipindi alipoanza maelezo yake marefu, wakaanza kusukumana. Kuchemsha maji ya ziwa hakuna aliyekumbuka! Vikaratasi vya sura ya kucheka na ya kununa, vya kuonyesha kama wamekipenda kipindi, havikusaidia: wote walichagua ya kucheka, nadhani kwa heshima (au kwa ajili ya biskuti). Daktari tumemtoa, sasa bibi na mjukuu wanazungumza kando ya ziwa Kivu. Kuwasikilizisha tena bado.