Re: Shoka au msumeno kwa kambi ya Januari?

> Wana Minnesota salamu, vijana wa kanisani wanataka kulala msituni Januari, mwenye uzoefu aniambie ninunue shoka gani la kukatia kuni.

Kaka, salama. Nakujibu hapa hapa ili na wengine wasome. Hela yako weka kwenye msumeno kwanza, shoka baadaye tena dogo tu. Sisi tulipanda huko juu upande wa Ely, mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota, ndani ya msitu wa taifa wa Superior National Forest, tukabeba vyote vya kukatia tulivyokuwa navyo ndani makusudi tujue kipi kinafaa baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri.

Nianze na panga maana najua ndilo watu wengi wanalo garage. Panga linafyeka fito na vichaka vizuri sana lakini gogo kavu lililoganda linalirudisha tu, na chuma kinachokurudia huku mkono uko kwenye glovu nene sio kitu cha kumpa kijana. Liacheni nyumbani.

Msumeno wa kukunja ndio ulifanya kazi kubwa. Tulikuwa na Silky, wa Kijapani, unakata ukivuta sio ukisukuma, kwa hiyo waambieni vijana wavute kwa nguvu na warudishe taratibu, ukilazimisha kusukuma ule ubapa mwembamba unapinda au unakatika na kwenye baridi chuma ndio kinavunjika kirahisi zaidi. Meno yake yamekomazwa kwa joto la umeme, ni magumu, tupa ya kawaida haiyanoi, yakiisha unabadilisha ubapa. Kama bei inakukaba chukua msumeno wa upinde, ni rahisi na unakata gogo nene haraka, ila angalia ubapa kabla hujalipa: wa mbao kavu una meno ya pembetatu yamefuatana tu, wa mbao mbichi una jino jingine katikati lenye ncha mbili kama uma la kukokota unga nje. Nyinyi mnataka wa mbao kavu.

Faida nyingine ya msumeno ambayo watu hawaifikirii ni jasho. Ukipiga shoka nusu saa unalowa ndani ya koti, ukisimama tu ile fulana inakuganda mgongoni na hapo ndipo mtu anaanza kutetemeka. Msumeno unaenda polepole, unafungua zipu, unakata, unapokezana na mwenzako.

Shoka sasa. Letu lilikuwa kishoka cha Fiskars X7, linatosha kupasua vipande mlivyokwisha kata kwa msumeno. Kabla ya kupiga, pasheni kichwa cha shoka joto, ndani ya koti au kando ya moto mpaka kiache kuumiza mkono kwa baridi, lakini kamwe kisiingie motoni maana makali yanalegea. Shoka lililoganda ukilipiga kwenye fundo la msonobari linapukutika makali, nimeona kwa macho yangu. Kama lenu ni la mpini wa mti kagueni kichwa kila asubuhi, hewa ya winta ni kavu, mti unasinyaa na kichwa kinacheza. Na kijana apige akiwa amepiga magoti, gogo liko kwenye kisiki mbele yake, hivyo likimponyoka linaishia kwenye theluji au kisiki sio kwenye mguu.

Cheni-soo ya betri, yaani msumeno wa mnyororo, tulikuwa nayo pia. Inakata safi lakini betri inakufa mapema kwenye baridi, ibebeni ndani ya jaketi na msiichaji ikiwa imeganda. Halafu mkivuka kuingia Boundary Waters, lile pori la maziwa linalolindwa ndani ya msitu huo, hairuhusiwi kabisa, mle misumeno ya injini na mota imekatazwa na sheria.

Kuni zenyewe: msibebe kutoka Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul. Yule mdudu wa kijani anayeua miti ya ash alionekana St. Paul 2009 na anasafiri ndani ya kuni za watu, nunueni karibu na kambi. Kwenye state park, yaani hifadhi za jimbo, msiokote, mnanunua pale pale. Ndani ya Boundary Waters mnaruhusiwa kuokota zilizokufa na kulala chini, mbali na kambi, mti ulio hai usiguswe hata gome.

> Asante sana kaka. Dada hapa Duluth naongezea swali, mwanangu ana kisu tu, kinatosha kupata vibanzi vya kuwashia?

Dada, kinatosha kama ni kisu kisichokunjika, chenye ubapa mnene. Anaweka makali juu ya kipande chembamba kilichosimama, halafu anagonga mgongo wa kisu kwa kijiti kizito mpaka kipasuke. Cha kukunja hapana, kinaweza kumfungia vidoleni. Achague kipande kisicho na fundo, na gome la mti wa birch lililoanguka chini aweke mfukoni, linashika moto hata likiwa limelowa kwa theluji kwa sababu ya mafuta yake.

Na kaka, kuni za usiku mzima ziwe zimeshakatwa na kupasuliwa saa tisa. Mapema Januari jua linazama kabla ya saa kumi na moja, na shoka gizani mimi siruhusu mtu yeyote alishike, mkubwa wala mdogo.