Difu ya Hilux inalia mlimani baada ya kubadilishwa sili ya pinioni

Mbeba Viazi, Molo
Wakuu, naomba ushauri. Pikapu yangu ya Hilux, ambayo huteremsha viazi kutoka Molo hadi Nakuru, ilivuja sili ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu, yaani boksi la gia la ekseli ya nyuma) mwezi uliopita. Fundi akaibadilisha, kisha akaikaza nati kwa bomba refu mpaka ikagoma. Tangu siku hiyo, nikirudi na kuupanda mlima kutoka Salgaa nikiwa nimekanyaga mafuta, difu hutoa mlio mwembamba unaonyamaza mara tu ninapoachia, na nikisimama, shingo ya difu huwa moto kiasi kwamba mkono haukai. Nimeshauriwa ninunue pinioni kuukuu peke yake. Je, nifuate ushauri huo?

Fundi wa Nakuru
Ndugu, usinunue chochote kabla ya kupima. Beringi za magurudumu hubadilisha mlio gari linapokata kona, lakini mlio wako unafuata mafuta, kwa hiyo anza na pinioni. Inua magurudumu ya nyuma, zuia ya mbele kwa mawe, fungua propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu), kisha ushike flenji (kisahani cha chuma kwenye ncha ya pinioni ambako propela hufungwa) uitikise juu na chini na kuivuta mbele na nyuma. Kuzunguka kidogo kabla ya meno kushikana ni kawaida. Kusogea mbele na nyuma maana yake beringi zimekwisha.

Nadhani kosa lilianzia kwenye nati. Katika Hilux nyingi, kati ya beringi mbili za pinioni kuna kibomba chembamba cha chuma ambacho hubonyea nati inapokazwa, nacho ndicho kinachoamua beringi zibanwe kiasi gani. Kikishabonyea kupita kiasi hakirudi, na ukilegeza nati ili kupunguza joto, pinioni itabaki ikiyumba. (Wapo wanaolegeza robo mzunguko na kumkabidhi mteja ufunguo!) Weka kibomba kipya, kaza nati kidogo kidogo huku ukipima ugumu wa kuizungusha pinioni kabla krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) haijarudishwa, na ukumbuke kwamba beringi mpya hubanwa takriban maradufu ya zilizokwisha kutumika.

Gereji ya Kondele, Kisumu
Pinioni kuukuu peke yake, hapana. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huuzwa kwa jozi. Chukua krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10: kila jino la pinioni hukutana na kila jino la krauni, kwa hiyo yamezoeana yote, na mgeni atalia tu.

Mkishafunga, pakeni rangi kwenye meno machache ya krauni, mtu aizuie kidogo huku mwingine akizungusha pinioni, kisha msome alama. Ikikaa karibu na ncha ya jino, pinioni iko mbali, hivyo shimu (pete nyembamba ya chuma ya kupangia nafasi) iliyo nyuma ya kichwa chake iwe nene zaidi. Ikizama kwenye shina la jino, iwe nyembamba. Mwachano wa meno ya Hilux, yaani nafasi ndogo inayobaki kati ya meno ya krauni na ya pinioni, uwe kati ya milimita 0.13 na 0.18, upimwe kwa saa ya kupimia (kipimo chenye mshale), si kwa sikio.

Mbeba Viazi, Molo
Ahsanteni sana. Difu imetolewa leo: beringi ya mbele imechubuka na kubadilika rangi kwa joto, ila meno ni mazima. Tumeweka beringi mbili mpya, kibomba na sili, tukairudisha shimu ya zamani, na alama ya rangi imekaa katikati ya jino. Kesho nitapanda Salgaa gari likiwa tupu, nisikilize.