Tulisaini mahudhurio, wakaenda kuandika "wazazi wameridhia". Watoto wanahamishwa shule Januari, Arusha jiji

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mods mnivumilie, na tafadhali msiutupe huu uzi kule jukwaa la elimu ambako haingii mtu, hili ni la kila mzazi mwenye mtoto shule ya serikali, na nyie wa Moshi msicheke, zamu yenu inakuja.

Shule siitaji. Ni ya msingi, ya serikali, kusini mwa jiji, mitaa hii ambayo juzi tu ilikuwa mashamba ya mahindi na leo ni nyumba juu ya nyumba. Imejaa, hilo hakuna anayebisha. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa moja, kwetu wanakaa wanne wanne kwenye dawati la watatu na waliochelewa wanakaa chini, na choo usiniulize, kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na kwa wavulana 25, mwanangu anakuja kujisaidia nyumbani. Kwahiyo hela za BOOST, ule mradi wa serikali wa kuboresha shule za msingi, zilipokuja ikaanza kujengwa shule mpya ng'ambo ya baipasi tulishangilia, siku ya msaragambo wa kuchimba msingi wazazi tulijaa na majembe yetu, wamama wakabeba maji. Yani hakuna mzazi anayepinga shule mpya. Ninachopinga ni namna walivyoamua nani aende na nani abaki.

Ilikuwa hivi. Ikaingia meseji kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, mnayajua haya magrupu, wamefunga, wanaandika maadmini tu, mzazi kazi yako kusoma na kuweka kidole gumba. Meseji inasema mzazi fika shuleni Ijumaa saa tatu asubuhi bila kukosa, agenda taaluma na chakula. Taaluma na chakula, basi. Watu wakaacha shughuli zao, wa soko la Kilombero wakaacha meza zao, wa bodaboda wakapoteza asubuhi nzima, tukaenda. Getini unakuta meza, karatasi, andika jina, mtaa, namba ya simu, saini. Kawaida tu, kila kikao kuna mahudhurio.

Tukakaa juani. Tukaambiwa matokeo ya moko. Tukaambiwa mahindi na maharage, nani kaleta nani hajaleta, na asiye na mahindi alete hela. Hela ya mlinzi. Hela ya mitihani ya kila Ijumaa. Saa saba hiyo, nusu ya watu wameshaondoka, ndo afisa mmoja kutoka kata anasimama anasema "kuna zoezi la kupunguza msongamano, mtajulishwa". Bibi mmoja wa Kimeru anayelea wajukuu watatu akanyoosha mkono, akauliza vizuri tu, "Mwanangu, hilo zoezi linahamisha wadogo au wakubwa?" Akajibiwa "Shikamoo bibi, tutafika huko." Kikao kikafungwa kwa sala. Hayo ndo yalikuwa mazungumzo yote kuhusu kuhama, mwanzo mpaka mwisho.

Sasa juzi inatupwa picha kwenye grupu, orodha. Watoto wote wa mtaa wetu, la kwanza mpaka la tano, Januari wanaripoti shule mpya. Wa la sita wanabaki wakamalizie la saba hapo hapo. Huwezi kuuliza, grupu limefungwa. Nikaenda ofisini. Wakanionyesha muhtasari wa kikao, kunionyesha tu, sio kunipa, hata kupiga picha nilikatazwa. Wakuu, umeandikwa "wazazi waliohudhuria waliridhia kwa kauli moja zoezi la kuwahamisha wanafunzi". Na kiambatisho chake ni nini? Ile karatasi ya getini. Jina langu lipo, namba yangu ipo, saini yangu ipo. Jina la yule bibi lipo, kaweka dole gumba. Yani mwanamke wa watu aliyeuliza swali akanyimwa jibu ndo huyo huyo kaandikwa karidhia.

Nikauliza kamati ya shule je? Maana kamati ndo chombo chetu wazazi, ipo kisheria toka Sheria ya Elimu ya 1978 na huwa tunachagua wajumbe. Mjumbe mmoja kaniambia kwa sauti ya chini kwamba na wao waliitwa kupewa taarifa. Sasa kama kamati ilipewa taarifa, wazazi walipewa taarifa, mwenyekiti wa mtaa anasema naye alipewa taarifa, aliyeamua ni nani? Kila ofisi unayogonga unaambiwa ni maelekezo kutoka juu, na ukienda huko juu unaambiwa wazazi ndo walioomba kwenye kikao chao.

Mtasema ni kelele za nini, shule mpya ina madawati mapya, si uende. Sikilizeni. Ili mtoto afike kule inabidi avuke baipasi, ile ile wanayopita malori yasiyotaka kuingia mjini, na sehemu ya kuvukia sisi hakuna tuta wala pundamilia wala trafiki. Mtoto wa la kwanza ana miaka sita. Ukishavuka kuna korongo, kiangazi ni mchanga tu unapita na kandambili, masika ndo utalijua jina lake. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji ya korongo hapa hapa Arusha jiji na watoto wakafa, mji mzima ulilia, viongozi wote walikuja. Leo hii mtu anakaa na ramani anachora mstari unaopeleka watoto wa miguu ng'ambo ya korongo, bila daraja, halafu anaandika tumeridhia. Na kifodi, yani daladala za huku, hakipandishi mwanafunzi asubuhi, hilo linajulikana, nauli ya mwanafunzi ni 200 na konda akiona sare anaangalia pembeni. Kwahiyo ni bodaboda, na bodaboda ya watoto kila siku kwenda na kurudi kwa mama anayeuza mboga si ndo faida yote imeisha.

Na mimi nina langu la peke yangu. Nina wawili wamefuatana mwaka mmoja. Mkubwa yuko la sita, anabaki. Mdogo yuko la tano, anahama. Siku zote wanaongozana, mkubwa anamshika mwenzie mkono barabarani, sasa Januari mmoja anaenda kaskazini mwingine kusini. Lakini kubwa zaidi, na hili wazazi wengi hawajalishtukia, hawa wawili wanamaliza msingi mwaka mmoja. Ndio. Mtaala mpya ulioanza 2024 ulianza na awali, la kwanza na la tatu. Huyu mwanangu mdogo ndo alikuwa la tatu mwaka huo, kwahiyo anaishia la sita kwa sera mpya, 2027. Kaka yake yuko mtaala wa zamani, anamaliza la saba, 2027 hiyo hiyo. Piga hesabu mwenyewe. Januari 2028 nchi nzima inapeleka madarasa mawili kidato cha kwanza kwa mpigo. Mimi hapo nanunua sare mbili, madaftari ya watu wawili, viatu pea mbili, siku moja, ila hilo nitajua mwenyewe. Ninachouliza ni hiki, kama kugawa shule MOJA ya msingi wameshindwa kukaa na sisi nusu saa tukaongea, hiyo 2028 tutapata taarifa lini na kwa njia gani? Wanakaa wapi hao watoto wote, sekondari ya kata gani, wanaingia zamu asubuhi na mchana? Kuna mzazi hapa ameshaitwa kikao cha 2028? Mmoja tu anyooshe mkono.

Halafu kuna hela, nigusie tu maana hii ni mada ndefu. Elimu bila ada ilianza 2016, shule inapata ruzuku ya elfu kumi kwa mtoto kwa mwaka na inayofika kwenye akaunti ya shule ni elfu sita, nyingine ni ya vitabu. Elfu sita ni mia tano kwa mwezi. Kwa hiyo naelewa kabisa mwalimu mkuu anapohangaika na hela ya mlinzi, sina ugomvi na walimu, walimu wetu wanateseka kuliko sisi. Ila sisi huku tulishachangia madawati, wengine wana risiti. Tunahama na madawati yetu au tunaanza upya? Swali hili nalo halina wa kulijibu, na nasikia kule ng'ambo uzio bado, kwahiyo nadhani jibu tunalijua.

Nimeandika barua kuomba nakala ya muhtasari. Nimeambiwa ni nyaraka ya serikali. Sasa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na inawapa siku 30 kujibu. Kopi yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa, ninayo, na siku zinahesabika.

NYONGEZA: Naona wameshaanza. Kuna mkuu hapo chini anasema "peleka private acha kulialia". Mkuu, shule za private za Njiro na Sakina ada yake naijua, ningekuwa nayo usingeniona hapa. Na hata wewe wa private barabara ni hii hii na korongo ni hili hili.

NYONGEZA 2: Aliyeuliza tunataka nini hasa. Orodha isimame mpaka kiitwe kikao kingine chenye agenda moja, iandikwe wazi kwenye meseji, KUHAMISHA WATOTO, na kifanyike Jumamosi jioni watu wakiwa wametoka kwenye shughuli. Ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Wadogo wa awali mpaka la pili wasivuke mpaka kuwe na kivuko. Na ule muhtasari ufutwe. Hakuna la ajabu hapo, na nusu yake halihitaji hata shilingi.

NYONGEZA 3: Wa mtaa wetu mlioniandikia inboksi, asanteni. Baraza la madiwani likikaa kikao chake cha kawaida wananchi tunaruhusiwa kuingia kusikiliza, kwahiyo tunaingia. Kabla ya hapo tunaenda kwa diwani nyumbani, jioni, kistaarabu, bila matusi. Yule bibi anakuja na ameomba yeye ndo aongee kwanza. Na kila mtu aje na karatasi yake aliyoiandika mwenyewe, juu kabisa andika kwa herufi kubwa SIJARIDHIA, halafu ndo jina, mtaa na saini. Safari hii tusaini tunachokijua.