Tupeane uzoefu: Familia ya watu 11 mnalala wapi mkija kutembea Mwanza?

Wakuu, mwangaluka. Desemba wadogo zangu wanakuja na watoto wao. Na bibi yetu mwenye magoti mabovu tunafika 11. Kwangu Buzuruga vyumba ni viwili, hawatoshi hata wakilala mzungu wa nne. Mpango ni kisiwa cha Saanane, makumbusho ya Bujora, na siku moja Serengeti kupitia geti la Ndabaka.

Naanza mimi. Mwaka juzi nilichukua vyumba vinne hoteli moja ya mjini. Kufika, viwili viko chini na viwili ghorofa ya tatu. Watoto usiku kucha wanapanda na kushuka kumtafuta mama yao. Asubuhi ndipo nikajua chai ni ya watu wawili kwa kila chumba. Hesabu ya watu nane, sisi tulikuwa kumi na tatu. Shemeji yangu aligawa chapati kama mahari.

MamaPacha: Dada, chukua nyumba nzima, ila uliza vyoo kabla hujauliza vyumba. Sisi tulipata nyumba ya vyumba vinne huko Kiseke, tukaambiwa kimoja ni masta. Kweli, masta ipo, lakini mwenye nyumba kaifunga, kaweka magodoro na friji yake mbovu! Watu 12, choo kimoja, na siku ya pili maji yakakatika. Foleni ilianza saa kumi na moja alfajiri, baba mkwe mbele na taulo begani. Siwezi kusahau.

Lakini jiko lilituokoa. Asubuhi naenda soko la samaki la mwaloni Kirumba, narudi na sato, tunakula wote tunashiba. Hotelini ningelipa sahani 12.

Dereva wa Noah: Saanane isikusumbue, boti inapandiwa Capri Point na ni dakika chache tu majini. Lala popote mjini. Bibi avae raba, kile kisiwa ni mawe matupu, pimbi wanamcheka mtu akiteleza. Cha kufikiria ni Ndabaka. Kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 130, na kibali cha hifadhi kinahesabiwa kwa saa. Mkitoka mjini saa mbili baada ya chai ndefu mtawakuta wanyama wamelala kivulini. Laleni Lamadi usiku mmoja, geti liko hapo jirani. Gesti za kule hazina makuu, ila mtaingia mapema. Wenye umri chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio. Na 11 kwenye Noah moja, mkuu, mimi sibebi.

MtotoWaPasiansi: Nipo Marekani, naomba nichangie kidogo. Nilimpokea mama, shangazi na wadogo zangu, tukaenda kwenye mabembea ya Walt Disney World, Florida. Kule nako vyumba vingi vya kawaida ni vya watu wanne, hata mkibanana hawawaongezi. Tulikuwa sita, tukachukua suti ya familia kwenye hoteli yao ya Art of Animation: vyoo viwili, friji ndogo, na meza inayogeuka kitanda. Kwenda kwenye michezo kuna vigari vinavyoning'inia kwenye waya, mama aligoma kupanda, tukapanda basi.

Kuna hoteli nyingine yao, Animal Kingdom Lodge, twiga wanapita nje ya dirisha na bei imepanda juu kama shingo zao. Tulipita kuangalia tu. Mama akauliza, "Nimekaa angani siku nzima kuja kumwona twiga, na Ndabaka iko pale?"

Ila vile vyoo viwili, MamaPacha, nakazia.

Nesi wa Igoma: Mkipata hoteli ya ufukweni msiwaachie watoto waogelee ziwani. Kichocho kipo. Na muulize neti ziko ngapi, maana godoro la kuongeza chini huwa haliji na neti.

Mleta mada: Asanteni wote. Lamadi usiku mmoja imepita, bibi kasema hata kwenye mkeka atalala ilimradi amwone tembo. Kwa Mwanza nimempigia mwenye nyumba mmoja sasa hivi. Vyumba vitano. Nikauliza vyoo, akasema viwili, kimoja cha nje. Nikamuuliza, cha nje kina taa? Kakata simu, nasubiri apige.