Mita moja, vyumba 12: bei nafuu ya stima humfikia nani?

Mpangaji, Pipeline, Nairobi: Hamjambo. Katika ploti yetu vyumba 12 vinatumia mita moja ya kampuni ya umeme, huku kila chumba kikiwa na mita ndogo ya mwenye ploti. Nikiishiwa, humtumia msimamizi pesa kwa simu, naye huniwekea uniti kwa bei aliyoipanga mwenye ploti, ambayo haishuki hata ile ya kampuni inaposhuka. Nina taa mbili, redio na simu ya kuchaji, na kwa mwezi sifikishi uniti 20. Mbona bei nafuu ya watumiaji wadogo hainifikii?

Fundi wa umeme: Ndugu, bei hiyo hufuata mita, haimfuati mtu. Tangu Aprili 2023 daraja la chini la majumbani ni la wateja ambao wastani wa matumizi yao, ukikokotolewa kwa miezi mitatu, hauzidi uniti 30 kwa mwezi. Daraja la pili huishia 100, na anayepita hapo hulipa bei ya juu. Vyumba 12 vikitumia uniti 20 kila kimoja, mita husoma 240, na kwa kampuni nyote ni mteja mmoja mkubwa. Hata mwenye ploti asipoongeza senti, mtalipa zaidi ya kijana anayeishi peke yake Kilimani, mtaa wa wenye nacho, na ambaye hashindi nyumbani. Kiwango cha uniti 100 cha daraja la chini kilichowekwa Novemba 2018 kilikuwa kikubwa zaidi, lakini hata hicho kisingewaokoa.

Mchangiaji, Mathare: Kijana wa Kilimani hana kosa, kasoro ni kupima umaskini kwa uniti. Mama mwenye watoto watano anayeuza maziwa kwa friji huvuka 30 kabla mwezi haujafika nusu. Kwa maoni yangu, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati nchini Kenya, ambayo ndiyo huidhinisha bei hizi, iruhusu mita ya ploti isajiliwe pamoja na idadi ya kaya zinazoitegemea, ili kaya 12 zihesabiwe uniti 360 kabla ya kupandishwa daraja. Lakini pasipokuwa na kikomo cha bei anayowauzia wapangaji, unafuu wote utaishia mfukoni mwa mwenye ploti. Tena, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 hutozwa sawa kwa maskini na tajiri. Iliondolewa kwenye gesi ya kupikia mwaka 2023. Sioni sababu ya kutoiondoa kwenye uniti 30 za kwanza.

Fundi wa umeme: Hilo la kaya naliunga mkono. Kwa sasa njia iliyopo ni kila chumba kuwa na mita yake, jambo linalohitaji idhini ya mwenye jengo na nyaya zilizotenganishwa. Katika ploti za zamani waya mmoja hupita chumba hadi chumba, na gharama ya kuzitenganisha ndiyo huwakwamisha wengi.

Mpangaji, Pipeline: Nimeelewa, Fundi. Tutaanza kwa kumwomba msimamizi atuonyeshe risiti za tokeni za miezi mitatu iliyopita, ili tujue kampuni inamuuzia uniti moja kwa bei gani.