Binti ana kazi ya maandamano ya Harry Thuku, nisaidieni

Baba Wanja: Wadau, binti yangu wa gredi ya sita atasimama mbele ya wenzake Ijumaa aeleze yaliyotokea Nairobi Machi 1922, Thuku, yule mpinzani wa ukoloni, alipokamatwa na watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Kipande, kile kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba, nimemweleza, kodi nimemweleza, hata wasichana kulazimishwa kazi kwenye mashamba ya walowezi. Lakini kuna mahali nimekwama na silali. Mtoto wa miaka 11 unamwambia nini?

MzeeWaKazi: Ukweli. Polisi walifyatua risasi tarehe 16, na wazungu waliokuwa kwenye veranda ya Hoteli ya Norfolk nao wakafyatua. Serikali ilikubali 21 waliuawa, watu walihesabu zaidi. Mimi nilichapwa kwa kuandika kwamba Thuku alihamishiwa Lamu badala ya Kismayu. Matako yanakumbuka hadi leo.

Shosho_wa_Mtandao: Umekwama wapi hasa?

Baba Wanja: Kwa Nyanjiru, yule mwanamke wa kwenye umati.

Shosho_wa_Mtandao: Ana ubaya gani?

Baba Wanja: Aliinua nguo, jamani! Mbele ya umati! Nimemwandikia Wanja kwamba "aliimba kwa sauti kuu", na karatasi mwalimu anayo. Si uongo sana, wanawake walipiga vigelegele kweli.

Shosho_wa_Mtandao: Mwanangu, ile ni laana ya mama, si uchafu. Wajumbe waliokwenda kuzungumza na serikali walirudi wakasema watu watawanyike, wanaume wakaanza kuondoka. Ndipo akawaambia wachukue rinda lake wampe suruali zao. Naye akawa miongoni mwa wa kwanza kupigwa risasi. Ukiondoa rinda, hawa watu walirudi langoni kwa nini?

Mchokozi: Kumbe kina baba kuhepa palipo pagumu hakukuanza na wewe 😂

Nuru_Gizani: Mnawajaza watoto maandamano, kesho mabweni yakiwaka mnashangaa. Thuku mwenyewe baadaye aliwapinga Mau Mau. Hilo mbona hamwafundishi?

Baba Wanja: Sasa niseme yote. Nyanya yake alishamweleza. Wanja anataka KUIGIZA. Amebeba leso ya mamake. Ndiyo maana naona heri Ijumaa aamke na homa.

Kijicho: Ngojeni kwanza. Shule zimefungwa wiki ya pili hii. Ijumaa gani? Hii ni hekaya.

Mchokozi: 👀

Baba Wanja: Ni tuisheni.

Kijicho: Tuisheni ya likizo si ilipigwa marufuku?

Baba Wanja: Nimeomba ushauri wa Nyanjiru, si wa wizara.

MzeeWaKazi: Wanatoza ngapi hapo? Wangu hesabu zimemlemea.