Kalenda ya Ramadhani ya watoto: nishonee kwa fundi au ninunue ile ya mbao?

Mama Ilham
Asalaam alaykum wanajamvi. Shaabani ndiyo inayoyoma hivyo, na mwaka huu nimeazimia Ramadhani ya kwangu iwe na shamrashamra, wanangu wasiuone kama mwezi wa mama kusinzia mchana na baba kununa. Kuna kalenda ya mbao yenye vidroo 30 na taa ndogondogo, dada mmoja anauza mtandaoni, anatuma Arusha kwa basi kutoka Dar: 65,000, nauli juu yangu. Au fundi wangu wa Levolosi anishonee vifuko 30 vya kitenge vya kutundika ukutani, kataka 20,000. Kila siku mtoto anafungua anakuta kitu. Hela ipo ya kimoja tu. Nishaurini.

Baba Twalha
Watoto wangapi, wa umri gani? Dada, unauliza saizi ya suruali bila kusema ni ya nani.

Binti Pasua
Na humo ndani unaweka nini? Gharama iko huko, siyo kwenye mbao. Mimi niko upande wa fundi. Kitenge unakifua, unakikunja, mwakani unakitoa kabatini. Cha mbao mtoto akivuta kidroo kwa hasira siku ya tatu kimeng'oka, na wa Dar hapokei tena simu yako.

Mzee wa Njoro
Hii kalenda ya kufungua kila siku si ya wenzetu wanavyoisubiri Krismasi? Tutaiga mpaka lini. Sisi utotoni hapa Moshi raha yetu ilikuwa daku. Vijana wanapita na madebe, unaamka umejikunja kwa baridi, unapewa uji wa pilipili manga kwenye kikombe cha bati, basi. Hakuna aliyetupa zawadi na tuliipenda Ramadhani.

Baba Twalha
Mzee wangu, shikamoo. Kufungua kifuko siyo ibada, kwa hiyo sioni tumeongeza nini kwenye dini. Na hayo madebe mbona hayamo kwenye Qur'ani?

Mzee wa Njoro
Marahaba. Madebe yana faida, yanaamsha.

Mama Pacha wa Kijenge
Dada Mama Ilham, ngoja nikwambie yaliyonikuta ndipo utoe hela. Mwaka juzi nilijifanya mjanja. Nilitundika bahasha 30 kwenye kamba sebuleni, kila moja chokoleti na sarafu ya 500. Usiku wa kuamkia tarehe 9 nasikia karatasi zinachakarika, nikajua panya. Nikatoka na ndala mkononi. Namkuta Kulwa chini ya meza, kamaliza mpaka bahasha ya 22, mdomo mzima chokoleti, na Doto kamshikia tochi. Asubuhi sisimizi wamejipanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye kamba.

Hilo la kucheka. Lililoniuma lilikuja baadaye. Nilimwambia Doto apeleke bakuli la futari kwa jirani, akaniuliza, "Nikipeleka napewa shilingi ngapi?" Nilivuta kiti nikakaa.

Mwaka jana kwenye bahasha niliweka karatasi tupu zenye maneno. Leo wewe ndiye unayepanga tende kwenye sahani, tatu tatu. Leo mpigie babu simu umsomee sura uliyohifadhi. Leo chagua uji uwe wa ulezi au wa mchele. Wallahi walizigombania kuliko chokoleti. Isipokuwa ya "leo unaosha vikombe", hiyo waliirudisha ndani wakasema imekosewa.

Binti Pasua
Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Sisimizi wa Moshi wangebeba na kamba yenyewe.

Mama Ilham
Samahanini, nilikuwa kazini. Watoto wawili, wa miaka 4 na 7. Mkubwa anataka kufunga, mdogo anataka kufuturu tu. Halafu sikusema, tunakaa na mama mkwe, na yeye hataki vitu vya kutundika ukutani.

Baba Twalha
Sasa si ungeanza na hilo!

Binti Pasua
Basi wala usinunue kitu, kalenda unayo ndani. Mkabidhi bibi watoto kuanzia saa kumi jioni wamsaidie kaimati. Wa miaka 4 anachovya kwenye shira (zikishapoa), wa 7 anasaidia kukoroga unga. Wangu hadi leo wanajua magharibi imekaribia kwa harufu ya iliki.

Msafiri Sakina
Huyo wa miaka 7 mwacheni kwanza asifunge. Wangu nilimwachia mwaka jana, akasinzia darasani mwalimu akaniita.

Mama Pacha wa Kijenge
Si lazima afunge kutwa, kaka. Hajabaleghe, hana deni. Anakula daku na sisi, adhuhuri anakula, halafu "anafunga tena" mpaka saa moja kasorobo adhana ikilia. Jioni anajitangaza amefunga mbili kwa siku moja.

Msafiri Sakina
Hapo sawa. Mimi mila yangu ni kuwapandisha ghorofani kuangalia mwezi. Tunaangalia upande wa Meru, bahati mbaya kila mwaka mawingu.

Mzee wa Njoro
Mwanangu, mwezi mwandamo huonekana magharibi, pale jua lilipozamia, tena kwa dakika chache. Wageuze wanao waangalie Monduli. Meru utaangalia mpaka Idi.

Msafiri Sakina
Duh. Miaka minne hiyo.

Baba Twalha
Hilo la mwezi linanikumbusha: Mama Ilham, kifuko cha 30 usiweke kitu kikubwa. Mwezi ukiandama 29, Idi imeingia na mtoto analilia kifuko. Kikubwa weka 27. Na siku za mwisho wape kupima zakatul fitri, pishi ya mchele ni kama kilo mbili na nusu. Wangu walipima kwa kikombe wakabishana nusu saa, kisha wakabeba wenyewe kwenda kumpa bibi wa jirani kabla ya swala ya Idi. Hawajasahau.

Binti Pasua
Tuje kwenye la maana. Futari ya siku ya kwanza kwa watoto, mihogo ya nazi au mzuzu?

Mzee wa Njoro
Mtori.

Binti Pasua
Mzee! Mtori ni wa mzazi.

Mzee wa Njoro
Mtori wa mshare na nyama ya mfupa, baada ya tende. Tumbo linakushukuru. Mihogo inakulaza kabla ya tarawehe.

Mama Pacha wa Kijenge
Huku kwetu bila mihogo hakuna aliyefuturu. Mama Ilham, huyo fundi umeshamwambia? Mafundi wameanza kupokea nguo za Idi. Ukichelewa, kalenda utaitundika Shawwal.

Mama Ilham
Nimempigia sasa hivi. Kasema nipeleke vitambaa kesho ila ana foleni. Na yule wa mbao kanitumia picha mpya, imekuwa 70,000. Mama mkwe nimemwonyesha, kauliza kama taa zinakula umeme.

Msafiri Sakina
Mtori mnaweka nazi au hamweki?